Somo la 18: Gia za Lori la Kuchezea

Je, umepata kuona lori la kuchezea linaloongozwa kwa redio? Mchezaji husimama kando akishika kifaa cha kuongozea. Kifaa hicho hupeleka mawimbi ya redio, nalo lori huyapokea na kutii: huenda mbele, hurudi nyuma, hugeuka. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1976. Mwaka 1987 ilitoa lori lenye magurudumu makubwa liitwalo Clod Buster, ambalo huendeshwa na mota mbili za umeme.

Mota ya lori la kuchezea ni ndogo, nayo huzunguka upesi sana. Hata hivyo, haina nguvu ya kuzungusha magurudumu mazito moja kwa moja. Basi lori hupandaje kilima? Jibu limo katika magurudumu yenye meno, yaani gia.

Jaribio
Vifaa: baiskeli moja, chaki, daftari na kalamu.
1. Pindua baiskeli ili isimame juu ya kiti na usukani wake.
2. Hesabu meno ya gurudumu la mbele lililo kwenye pedali, kisha meno ya gurudumu dogo la nyuma. Andika hesabu zote mbili.
3. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma.
4. Zungusha pedali polepole mara moja tu. Mwenzako ahesabu alama imepita mara ngapi.
Angalia: usiweke vidole karibu na mnyororo unapozunguka.

Umeona nini? Pedali imezunguka mara moja, lakini tairi limezunguka zaidi ya mara moja. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Jibu lako litakaribiana na idadi ya mizunguko uliyoihesabu.

Katika baiskeli, gurudumu kubwa huzungusha dogo, na kwa hiyo tunapata mwendo. Katika lori la kuchezea mambo ni kinyume. Gurudumu dogo lililo kwenye mota, liitwalo pinioni, huzungusha gurudumu kubwa. Hapo mwendo hupungua, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka. Hatupati vyote viwili kwa pamoja: tukiongeza kimoja, kingine hupungua.

Kuchagua gia
Tuchukue mfano. Pinioni ina meno 20 na gurudumu kubwa lina meno 80. Pinioni huzunguka mara 4 ili gurudumu kubwa lizunguke mara 1. Gia zilizo ndani ya ekseli hupunguza mwendo tena mara 3. Kwa hiyo mota huzunguka mara 4 × 3, yaani mara 12, ili tairi lizunguke mara 1. Mota ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, tairi litazunguka mara 1,000. Ikiwa upana wa tairi kupitia katikati ni sentimeta 14, mzingo wake ni sentimeta 44, na lori litakwenda meta 440 kwa dakika.

Sasa toa pinioni hiyo, utie nyingine yenye meno 16. Mota itazunguka mara 15 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Lori litakwenda meta 352 kwa dakika. Mwendo umepungua, lakini sasa lori lina nguvu zaidi ya kupanda.

Mchezaji asiyejua hupenda pinioni kubwa ili lori lake liwashinde wengine kwa mbio. Katika uwanja tambarare huenda akafurahi. Lakini penye mchanga au mlima mota hulemewa, nayo inapolemewa huzunguka polepole na kuvuta umeme mwingi kutoka kwenye betri. Umeme huo huleta joto. Joto likizidi, rangi inayozitenga nyaya za mota hubabuka, na mota huungua. Haya ndiyo malipo ya kuchagua mwendo mahali panapotaka nguvu. Hata dereva wa lori la kweli anayepanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, hutia gia ndogo. Hashindani na mlima kwa mbio.

Kumbuka pia kwamba meno ya gia mbili zinazoshikana lazima yawe ya ukubwa mmoja. Ukubwa wa meno ukitofautiana hayatashikana vema, bali yatasagana na kuvunjika.

Kutunza gia
1. Nafasi baina ya meno. Gia zikibanana mno, hupiga kelele na kupata joto. Zikiachana mno, meno hugongana kwenye ncha na kukatika. Weka ukanda wa karatasi nyembamba ya daftari kati ya gia mbili, zisogeze zishikane, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Zungusha gurudumu kubwa mzunguko mzima, uhakikishe kwamba nafasi ni ile ile kila mahali.
2. Usafi. Mchanga ni adui wa meno. Baada ya kila mchezo, toa betri kwanza, kisha safisha gia kwa brashi kavu.
3. Grisi. Gia za chuma zilizofungiwa ndani ya kasha hutiwa grisi kidogo ili kupunguza msuguano. Gia ya plastiki iliyo wazi isipakwe grisi, kwa sababu grisi hukamata mchanga.
4. Ukaguzi. Jino likichongoka au kukatika, badili gia. Ukiiacha, itaharibu na ile inayoshikana nayo.

Mara nyingi pinioni hutengenezwa kwa chuma na gurudumu kubwa kwa plastiki. Plastiki ni nyepesi na haina kelele nyingi. Tena, lori likikwama ghafula, jino la plastiki huweza kukatika kabla mota haijaungua. Ni afadhali kupoteza gia kuliko kupoteza mota.

Mambo ya kukumbuka
Gurudumu dogo likizungusha kubwa, mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Gia mbili zinazoshikana huzunguka kwa pande zilizo kinyume. Gia njema ni ile inayofaa kazi iliyo mbele yake.

Mazoezi
1. Kwa nini mota hupata joto jingi inapolemewa?
2. Pinioni ina meno 15 na gurudumu kubwa lina meno 90. Pinioni huzunguka mara ngapi ili gurudumu kubwa lizunguke mara 1?
3. Lori la mfano wetu lenye pinioni ya meno 20 limetiwa matairi mapya yenye mzingo wa sentimeta 55. Mota ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, lori litakwenda meta ngapi kwa dakika? Ukitia pinioni ya meno 16, litakwenda meta ngapi? Linganisha jibu la pili na mwendo wa lori kabla ya kubadili matairi. Umejifunza nini?
4. Tafuta mashine mbili kijijini au mtaani kwenu zinazotumia gia. Eleza kama kila moja inatafuta mwendo au nguvu.