KINGA YA JUA KUTOKA KWA UTANDO WA KIJANI



Leo tuangalie kitu ambacho kila mmoja wetu amekikanyaga, pengine hata akateleza: ule utando wa kijani au mweusi unaoota kwenye mawe, kando ya tangi na juu ya maji yaliyosimama. Wengi huuona uchafu tu. Kumbe ndani yake mna kinga ya jua! Katika somo hili tutajifunza jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini hatuwezi kuuchota utando huo tukajipaka.

1. Ni viumbe gani hawa?

Mara nyingi utando huo ni mkusanyiko wa viumbe vidogo sana viitwavyo sianobakteria. Hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, kama mahindi yafanyavyo. Vimekuwako kwa zaidi ya miaka bilioni 2, tangu wakati hewa haikuwa na tabaka la ozoni la kuchuja miale mikali.

Shida yao ni hii: bila jua havili, lakini jua hilo hilo lina miale isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, ambayo huunguza. Wewe ukichomwa na jua shambani unakimbilia chini ya mwembe. Vyenyewe vimeshikamana na jiwe, vitakwenda wapi? Basi vinajitengenezea miavuli yao.

2. Miavuli miwili

Wa kwanza ni sitonemini, rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Hukaa nje, katika utelezi unaokizunguka kiumbe, kama mtu aliyevaa koti. Ikiwa nyingi, huweza kuzuia karibu asilimia 90 ya miale ya aina A isipenye ndani. Ile mistari myeusi kwenye mawe makubwa, pale maji ya mvua hupitia, mara nyingi hutokana nayo. Wanasayansi walitambua jinsi ilivyoundwa mwaka wa 1993.

Wa pili ni maikosporini, ambazo hazina rangi machoni petu. Hizi humeza miale ya aina B na sehemu ya aina A, zikaigeuza kuwa joto kidogo lisilodhuru. Mojawapo huitwa shinorini. Mwaka wa 2010 watafiti huko Marekani walitambua jeni zinazoitengeneza shinorini, wakazihamishia kwa bakteria wa maabara, nao wakaanza kuitengeneza. Maana yake ni kwamba siku moja inaweza kutengenezwa kwa wingi ndani ya mitungi, kama tunavyokuza chachu, bila kuvuruga ziwa lolote.

3. Itatufaa vipi?

Tayari huko Ulaya kuna losheni zenye maikosporini kutoka kwa mwani mwekundu wa baharini. Haja ya kinga za namna hii inaongezeka. Tangu Januari 2021, jimbo la Hawaii limekataza uuzaji wa losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, kwa kuhofia matumbawe ya bahari.

Kwetu sisi, wanaohitaji zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu 9,729 nchini Kenya. Melanini, ile rangi ya ngozi ambayo ndiyo mwavuli wetu sisi wanadamu, wao wanayo kidogo sana, na kwa hivyo kansa ya ngozi huwashika mapema. Kwao losheni si urembo, ni uhai.

4. Tahadhari kubwa

Tafadhali, mtu asichukue utando wa bwawa akajipaka au akampaka mtoto! Aina nyingine za sianobakteria zina sumu ya ini. Sumu hiyo imepatikana katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Huko Caruaru, Brazil, mwaka wa 1996, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya maji yenye sumu hiyo kutumiwa kusafisha damu yao. Kwa macho huwezi kutofautisha utando wenye sumu na usio nayo, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakiwa na utando wa kijani, msinywe wala msinyweshe mifugo.

5. Tufanye nini sasa?

Tusikae tukingoja maabara. Haya yanawezekana leo:

- Kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu.
- Kazi ya shamba kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mwanachama mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini, kama kuandika hesabu au kuchambua mbegu, na hesabu yake ya kazi iwe sawa na ya wengine.
- Kuulizia losheni. Mwaka wa 2011 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wenye ualbino bila malipo.
- Kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari. Kikiwahiwa hutibika.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, nani hufanya kazi juani saa sita mchana? Kwa nini yeye?
2. Kofia moja ni pesa ngapi sokoni? Mfuko wetu unaweza kununua ngapi mwezi huu?
3. Maji tunayochota yana utando? Tufanye nini?

Someni pamoja, mjadiliane, halafu muamue jambo moja la kuanza nalo.