SOMO LA TANO: FUNDI WA DARI NA USALAMA WA MIRONJO

Dari la jipsamu limekuwa jambo la kawaida katika nyumba za kuishi, maduka na nyumba za wageni za Karatu, hadi kando ya barabara iendayo Lango la Lodoare la Ngorongoro. Kulifunga ni kazi ya kunyoosha mikono juu kwa saa nyingi. Fundi hutumia ngazi, jukwaa la mirunda, au mironjo, yaani miguu ya alumini inayofungwa kwa mikanda kuanzia unyayo hadi chini ya goti. Somo hili linamhusu mwenye nyumba, kwa sababu sakafu anayokanyaga fundi ni yake, na muda anaomhimiza amalize ni wake.

Kwa nini mironjo ni hatari

Mironjo mingi humwinua mtu kwa sentimita 60 hadi 100. Tuchukue mfano wa kibaraza cha ghorofani chenye ukingo wa mita 1. Aliyesimama sakafuni hukingwa hadi kiunoni. Akivaa mironjo ya sentimita 60, ukingo uleule unabaki sentimita 40 juu ya nyayo zake, chini ya goti. Haumzuii tena, unaweza hata kumkwaza.

Zaidi ya hayo, mtu anayeteleza kwenye ngazi fupi huweza kuruka chini. Aliyefungwa mironjo hawezi kuruka. Huanguka kwa urefu wake wote.

Kanuni za kufuata

1. *Sakafu iwe tambarare, kavu na tupu.* Ondoa nyaya, mazulia, karatasi za nailoni na vipande vya jipsamu. Wakati wa masika, udongo mwekundu wa Karatu huganda kwenye nyayo na kuteleza juu ya marumaru. Usafishwe kabla ya kazi kuendelea.

2. *Mironjo isitumike kwenye ngazi za nyumba, mteremko, wala karibu na dirisha lililo wazi au ukingo wa kibaraza.*

3. *Isitumike juu ya jukwaa jembamba.* Kanuni za usalama kazini za Marekani huiruhusu tu juu ya jukwaa pana linaloenea karibu eneo lote la kazi. Na pale ukingo unapotumika kama kinga, lazima uongezwe kimo kinacholingana na urefu wa mironjo. Hesabu ya kibaraza hapo juu inaonyesha sababu.

4. *Kifaa kikaguliwe kila siku.* Mikanda, skrubu, chemchemi na raba za nyayo ziwe nzima. Mironjo ya mbao au ya vyuma vilivyoungwaungwa isikubaliwe.

5. *Mironjo ni ya kazi nyepesi:* kuziba maungio, kupiga msasa na kupaka rangi. Ubao wa mita 1.2 kwa 2.4 una uzito wa karibu kilo 20. Upandishwe na watu wawili walio juu ya jukwaa imara.

6. *Fundi asiiname kuokota kitu.* Saidia fundi awepo kumpa vifaa.

Nje ya nyumba, hususan maeneo ya juu kuelekea ukingo wa kreta ambako ukungu hulowesha sakafu hadi mchana, tumia jukwaa lenye ukingo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama ya kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri. Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, muulize mkandarasi: Je, umesajiliwa? Je, mafundi wako wanachangiwa WCF? Nani ataleta jukwaa? Bei inayopungua kwa sababu jukwaa limeachwa si nafuu. Gharama yake imehamishiwa kwenye uti wa mgongo wa fundi.

Fundi akianguka

Usimwinue wala kumketisha. Usimpakie kwenye bodaboda, kwa kuwa uti wa mgongo uliojeruhiwa huweza kuharibika zaidi njiani. Mtu mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, wengine watafute gari anamoweza kulazwa juu ya ubao ulionyooka. Kutoka Karatu hadi Arusha ni kilomita zipatazo 140; uangalifu wa dakika za kwanza una uzito mkubwa.

Maswali ya kujipima

1. Ukingo wa kibaraza chako una kimo gani? Ondoa sentimita 60: je, kinachobaki kinamkinga fundi?
2. Ni vitu gani vilivyo sakafuni kwako leo vinavyoweza kumkwaza?
3. Je, katika mapatano yenu, jukwaa limetajwa?