Kufundisha Tamthilia ya Juliasi Kaizari kwa Wanafunzi wa Sekondari

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi, atakapoona kichwa cha makala haya, huenda akajiuliza: mambo ya Shakespeare yananihusu nini mimi nitakayekabidhiwa Darasa la Tano? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mtoto hafiki sekondari mikono mitupu. Hufika na mazoea aliyoyapata kwetu: ama mazoea ya kusikiliza hadithi, kuibishia na kuiigiza, ama mazoea ya kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Katika shule nyingi za Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hugeukia Kiingereza kwa karibu masomo yote. Hapo ndipo tamthilia ya Kiingereza cha miaka 400 iliyopita inapoweza kumfungulia mlango au kumfungia.

Tuliwahi kumtembelea mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akiifundisha tamthilia hii katika Kidato cha Tatu. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Katika kipindi cha kwanza aliandika ubaoni kwamba William Shakespeare alizaliwa Stratford mwaka 1564 na kufariki mwaka 1616. Katika cha pili yalifuata maneno magumu 30, kila moja na maana yake. Katika cha tatu ukaja muhtasari wa sehemu ya kwanza, nao wanafunzi wakaunakili kwa utulivu mkubwa. Kengele ilipokaribia kulia, msichana wa dawati la nyuma alinyosha mkono akauliza kwa Kiswahili: “Mwalimu, kwani huyo Kaizari alikosa nini hata auawe?” Mwalimu akamwambia aulize kwa Kiingereza. Msichana akaketi.

Tunalikumbuka swali hilo kwa sababu ndilo swali lenyewe la tamthilia. Brutus analihangaikia usiku, wala haoni kosa ambalo Caesar amekwisha kumtendea; anachokiogopa ni yale atakayoweza kuyatenda akivikwa taji. Je, ni halali kumwua mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda? Yule msichana alikuwa amefika, bila ya msaada wa mtu yeyote, mahali ambapo mwalimu alipaswa kumfikisha baada ya mwezi mzima, naye akarudishwa nyuma kwa sababu ya lugha.

Wako wenzetu wanaoona haya kutumia Kiswahili katika somo la fasihi ya Kiingereza, kana kwamba tafsiri ni njia ya wavivu. Inafaa wakumbuke jinsi Shakespeare alivyoipata hadithi hii. Plutarch aliiandika kwa Kigiriki. Jacques Amyot akaitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akaitoa katika Kifaransa hicho na kuitia katika Kiingereza mwaka 1579. Na kitabu hicho cha North ndicho Shakespeare alichokitegemea. Ikiwa mwandishi mwenyewe alikunywa maji yaliyopita katika mitungi miwili, kwa nini mwanafunzi wa Singida akatazwe mtungi wa tatu? Nao tunao. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hii mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, na jina hilo peke yake latosha kwa mjadala wa kipindi kizima. Neno bepari lilitujia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Leo kila mtu anajua linabeba nini zaidi. Tena kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jina hilo ni mmoja, hali kwa Kiswahili wamekuwa wengi.

Basi tuanzeje? Tunashauri mwalimu aanze na hadithi, aisimulie kwa mdomo na kwa Kiswahili, vitabu vikiwa vimefungwa. Hata watoto wa Uingereza walifanyiwa hivyo: Charles na Mary Lamb waliwasimulia tamthilia za Shakespeare kama hadithi mwaka 1807, na Edward Steere akachapisha baadhi ya hadithi hizo kwa Kiswahili huko Unguja mwaka 1867. Mwalimu asiimalize hadithi. Afike pale Caesar anapoanguka kwa majambia, kisha aulize: ninyi mngekuwa raia wa Roma, mngewafanya nini waliomwua? Awaache wabishane, hata kama darasa la jirani litalalamika.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ya tatu, onyesho la pili, yaani hotuba mbili za mazishi. Hapa mwalimu asiwe na haraka. Brutus anatangulia, anasema kwa lugha ya nathari, anatoa sababu zake, umati unamshangilia. Kisha anaondoka, kosa ambalo wanafunzi wenyewe wataliona. Mark Antony amepewa ruhusa ya kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Analishika sharti hilo. Kila mara anawasifu kwa neno lilelile moja la heshima, na kila analirudia, neno linazidi kuoza, mpaka umati wenyewe unalitema.

Kuwaeleza wanafunzi jambo hili kwa maelezo ya ubaoni hakufai kitu. Hawana budi kulisikia. Chukueni neno “mheshimiwa”. Mwiteni mwanafunzi mmoja mbele, mpeni sentensi fupi ya Kiswahili yenye neno hilo, mwambieni aitamke mara nne: kwanza kwa unyenyekevu, kisha kwa mashaka, kisha kwa kejeli, mwisho kwa hasira. Darasa litacheka mara ya tatu na kunyamaza mara ya nne. Hapo sasa wapeni mistari ya Kiingereza, waitafute wenyewe mahali lile neno linapogeuka. Hawatahitaji orodha ya maneno magumu, maana watakuwa wakitafuta kitu wanachokijua.

Onyesho linalofuata ni fupi sana, na walimu wengi huliruka. Tunadhani ni makosa. Umati uliochochewa unakutana njiani na mtu aitwaye Cinna. Wanamwuliza jina lake, aendako, akaako, kama ameoa. Akitaja jina, wanalia kwamba ni mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi, si yule mwingine. Haimsaidii, mmoja anataka auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Wanafunzi wetu hawahitaji kuelezwa maana ya onyesho hilo. Wamekwisha kusikia sokoni au kituo cha basi ukelele wa “Mwizi!”, wameona watu wakikimbia wakiokota mawe pasipo kujua nani ameibiwa nini. Waigizapo, huanza kwa kicheko. Mwulizeni baadaye kila aliyekuwa katika umati: nani alianza? Kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Aweke sharti kwamba hakuna kumgusa anayeigiza Cinna, na amchague mtoto anayependwa darasani, si yule anayeonewa kila siku. Tena asimlazimishe mtu kuigiza, kwani huenda yumo aliyeshuhudia jambo kama hilo nyumbani kwao.

Kuhusu lugha yenyewe, yapo mambo ambayo Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kiingereza cha siku hizi kina neno moja kwa “wewe” na “ninyi”. Cha Shakespeare kilikuwa na mawili. Antony akiwa peke yake na maiti ya rafiki yake anatumia lile la mmoja, la karibu. Akiuhutubia umati anatumia lile la wengi. Mwanafunzi wetu aliyekua na “wewe” na “ninyi” kinywani ataishika tofauti hiyo mara moja.

Tunajua mtasema muda hautoshi na mtihani hutungwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini vipindi vitatu vya kunakili navyo ni muda. Hesabu yetu ni hii: kipindi kimoja cha kusimulia, kimoja cha mabishano, viwili vya hotuba, kimoja cha Cinna, na majibu ya maandishi yaandikwe kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, hata yawe sentensi tatu. Kitabu kikiwa kimoja tu darasani, mwalimu anakili hotuba kwenye karatasi kubwa na kuitundika ukutani.

Nanyi mtakaokwenda shule za msingi, onyesho la Cinna lawezekana katika Darasa la Tano, kwa Kiswahili, kwa dakika 40, bila kulitaja jina la Shakespeare hata mara moja. Waelezeni watoto kwamba kuna mji, mfalme wa watu ameuawa, na mshairi anapita njiani. Wachagueni raia wanne, wapeni yale maswali manne, kisha kaeni nyuma ya darasa mtazame.