HASI NA CHANYA: NAMBARI ZILIZO CHINI YA SUFURI

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili hukimbilia mashairi, vitendawili na vichekesho kwanza. Hata hivyo nakuomba dakika chache tuzungumze hesabu, tena kwa Kiswahili chetu. Mwaka huu nimekuwa nikiwasaidia wadogo zetu wakati wa prepu, na nimeona jambo moja. Mwanafunzi anayejumlisha na kutoa bila taabu hushikwa na baridi pindi aonapo alama ya kutoa imesimama peke yake mbele ya nambari. Wengine huanzia hapo kusema, "Ah, mimi hesabu si yangu!" Na mtu akishasema hivyo, kumrudisha ni kazi kweli kweli.

Nambari kamili ni zipi, basi? Ni hizi 1, 2, 3 tunazohesabia maembe, pamoja na sufuri, pamoja na wenzao wa upande wa pili, yaani -1, -2, -3 na kuendelea. Nusu, robo na desimali hazimo. Zilizo juu ya sufuri huitwa chanya na zilizo chini yake huitwa hasi. Sufuri yenyewe si chanya wala si hasi. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kitu kitupu, lakini hapa sufuri si mtupu hata kidogo: ndiyo mpaka.

Huenda ukajiuliza, nambari iliyo chini ya kitupu inapatikana wapi? Inapatikana hapa hapa shuleni. Mnakumbuka mashindano ya kandanda ya mabweni muhula wa pili. Mabweni ya Tana na Athi yalilingana pointi, na nafasi ya fainali ilikuwa moja tu. Ikabidi tutazame tofauti ya mabao, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Tana walikuwa wamefunga mabao 4 na kufungwa 7. Athi walikuwa wamefunga 2 na kufungwa 6. Kwa hiyo Tana walikuwa na 4 - 7 = -3, nao Athi 2 - 6 = -4. Nahodha wa Athi akaja juu: "Nne ni kubwa kuliko tatu, sisi ndio tunaingia!" Nusu ya uwanja ikamuunga mkono. Ngumi zilibaki kidogo tu ziruke, jamani.

Nilichukua kijiti nikachora mstari mchangani, nikaandika hivi:

-4   -3   -2   -1   0   1   2   3   4

Kanuni ya mstari huu ni moja: kila unapokwenda kulia nambari inakuwa kubwa, na kila unapokwenda kushoto inakuwa ndogo. Haibadiliki ukivuka sufuri. Sasa -3 iko kulia kwa -4, kwa hivyo -3 ndiyo kubwa. Kama mstari haukuridhishi, fikiria deni. Mwenye deni la shilingi 300 kantini ana afadhali kuliko mwenye deni la shilingi 400, si ndiyo? Tana wakaingia fainali, na yule bwana nahodha hadi leo hanisalimu vizuri.

Sasa tuje kwenye kiini cha matatizo, nacho ni ile alama. Alama ni moja lakini ina kazi mbili. Katika 9 - 5, alama ni kama kitenzi: inaamuru "toa!" Katika -5 peke yake, alama ni kama kivumishi: inaeleza nambari hiyo ni ya namna gani. Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna bahati hapa, kwa maana tuna maneno mawili tofauti, na tuyatumie. Ukiona -3 - (-5), usisome "toa tatu toa toa tano", utachanganyikiwa bure. Soma: "hasi tatu, toa hasi tano." Mara moja utajua ni wapi unaamriwa na ni wapi unaelezwa.

Lakini kutoa hasi maana yake nini? Chukua mfano huu. Una shilingi 50 mfukoni na unadaiwa 30. Mali yako halisi ni 50 + (-30), yaani 20. Mwenye duka akaamka na moyo mweupe akafuta deni lako lote. Ameondoa deni, yaani ametoa hasi 30. Sasa una ngapi? 20 - (-30) = 50. Hakukutia hata senti mfukoni, na bado umepanda kwa 30. Kwa hivyo kutoa hasi ni sawa na kujumlisha chanya, na ile hesabu yetu ya -3 - (-5) inageuka kuwa -3 + 5, jibu 2.

Mfano mwingine ni wa saa. Saa za nchi mbalimbali hupimwa kutoka saa ya Greenwich kule Uingereza. Nairobi ni +3. New York, wakati wao wa baridi, ni -5. Tofauti ni 3 - (-5), yaani saa 8. Sisi tukipiga foleni ya chakula saa sita mchana, wao bado wamelala, ni saa kumi alfajiri.

Kwenye kuzidisha ndiko kelele huwa nyingi. Tazama orodha hii polepole:

3 × (-2) = -6
2 × (-2) = -4
1 × (-2) = -2
0 × (-2) = 0

Kila hatua jibu linapanda kwa 2. Tukiendelea chini bila kuvunja mtindo, (-1) × (-2) ni lazima iwe 2, na (-2) × (-2) iwe 4. Hasi mara hasi ni chanya. Hata lugha yetu inafanya hivyo: ukisema "hakuna asiyejua", vikanushi viwili vimeuana, maana yake wote wanajua.

Hapo nina neno la kusema, na walimu wanisamehe. Ule wimbo wa "hasi na hasi ni chanya" ungepigwa marufuku shule nzima. Ni huo unaowafanya wadogo zetu waandike -3 + (-5) = 8 na kupoteza maksi. La hasha! Deni la 3 ukiliongezea deni la 5 unakuwa tajiri? Unadaiwa 8, yaani -8. Kusema kweli, sema "hasi MARA hasi", na neno "mara" lisimezwe.

Wala mambo haya si mageni. Mnamo mwaka wa 628, mtaalamu wa Kihindi aitwaye Brahmagupta aliandika kanuni za nambari hizi akiziita mali na madeni, akieleza kwamba deni mara deni ni mali. Wachina walikuwa wametangulia, wakitumia vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Ulaya ndiko zilikokawia kukubalika. Mwaka wa 1758, Mwingereza Francis Maseres bado alikuwa akichapisha kitabu cha kuzipinga! Kwa hivyo ukiona zinakusumbua kwa wiki mbili, wewe si wa kwanza.

Nakuachia maswali mawili. Ziwa Assal nchini Jibuti, mahali pa chini kabisa barani Afrika, liko mita 155 chini ya usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa huo. Je, kilele hicho kimelipita ziwa hilo kwa mita ngapi kwenda juu? Andika kwanza hesabu yenyewe ukitumia hasi na chanya. Swali la pili: (-2) × (-2) × (-2) ni ngapi? Atakayejibu 8 arudi kwenye "hakuna asiyejua" akatafute kikanushi cha tatu. Majibu mpelekee katibu wa Chama kabla ya kufunga shule.