Jalada Likikosewa Jeshini, Mtu Anaanzia Wapi?

Mwanachuo mwenzangu, kama umewahi kukuta matokeo yako yameandikwa "hakutokea" wakati ulikaa kwenye chumba cha mtihani masaa yote matatu, shughuli yake unaijua. Ofisini unaambiwa neno moja tu: "Leta ushahidi." Leo tuiangalie shida hiyohiyo jeshini, kwa sheria ya Marekani, maana kule karatasi moja inaweza kumnyima mtu matibabu, marupurupu na hata ada ya chuo.

Askari wa Marekani akimaliza utumishi hupewa fomu DD 214. Inaonyesha tarehe, cheo, nishani na, kubwa kuliko yote, kama ameachishwa kwa heshima au la. Zamani, aliyeandikwa vibaya ilibidi atafute mbunge wa kumpelekea muswada wake peke yake bungeni! Mwaka 1946 Bunge likaruhusu ziundwe bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, na wajumbe wake ni raia.

Bodi hizi hushughulikia mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kosa: tarehe si yenyewe, nishani imerukwa. La pili ni dhuluma: karatasi inasema kweli kilichotokea, ila kilichotokea hakikuwa haki.

Mfano mzuri ni Luteni Henry Flipper. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1856, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877. Mwaka 1881, akiwa Fort Davis, Texas, alishtakiwa kwa ubadhirifu. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya ubadhirifu, lakini ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa afisa. Akafukuzwa 1882. Alihangaika kusafisha jina lake mpaka akafa mwaka 1940, bila mafanikio.

Mwaka 1976, ndugu zake wakisaidiwa na mwalimu mmoja wa Georgia, bodi ilikubali ombi. Ilisema haina uwezo wa kufuta hukumu, ila adhabu ilizidi mno. Jalada likabadilishwa, lisomeke kwamba aliachishwa kwa heshima. Hukumu yenyewe ilisubiri msamaha wa Rais Clinton, mwaka 1999. Umeona hapo? Kujua unaomba nini, na kwa nani, ni nusu ya kesi.

Sasa mwombaji anafanyaje?

Kwanza, anaomba nakala ya jalada lake na kutaja kosa liko mstari gani.

Pili, anamaliza njia za chini. Kama analalamikia namna alivyoachishwa tu, na haijapita miaka 15, kuna bodi nyingine ya mapitio inayotumia fomu DD 293.

Tatu, anajaza fomu DD 149 ndani ya miaka 3 tangu agundue kosa. Akichelewa aeleze sababu, maana bodi inaweza kumsamehe kwa ajili ya haki. Akiwa amefariki, mrithi anaweza kuomba.

Nne, ushahidi: barua za amri, karatasi za hospitali, maelezo ya waliotumikia naye. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa. Mzigo wa kuonyesha vingine ni wa mwombaji, na machozi peke yake hayatoshi.

Na jalada lisipokuwepo je? Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 kwenye ghala la kumbukumbu karibu na St. Louis, na nakala nyingine hazikuwepo. Aliyekuwa ametunza karatasi zake nyumbani alikuwa na pa kuanzia. Wengine walianza kutafuta mashahidi.

Kwa hiyo ndugu yangu, hiyo risiti ya ada uliyoitupa chini ya godoro, itoe. Kaipige nakala leo, kabla ofisi haijakuambia hukulipa.