Ndege zinazopaa Bunia: daftari la makelele lina kazi gani?

Kiwanja cha ndege cha Bunia kiko magharibi mwa mji, na njia yake ya kurukia imelala mashariki-magharibi. Ndege ikiruka kuelekea magharibi, mji unabaki nyuma yake. Ikielekea mashariki, mabati ya watu yako mbele. Rubani hachagui upande kwa kupenda, kwa kuwa ndege hurukia upepo unakotoka. Lakini magurudumu yakishaacha ardhi, yapo mambo ya kuamua: ipande kwanza au iongeze kasi kwanza, ikate kona wapi.

Maamuzi hayo yana gharama. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeandika taratibu mbili za kupunguza kelele. Ya kwanza huipandisha ndege juu kabla ya kuongeza kasi, na wanaokaa karibu na kiwanja hupata nafuu. Ya pili huongeza kasi mapema. Kwa kawaida hula mafuta machache, na nafuu ya kelele huenda kwa walio mbali zaidi.

Hapo ndipo ujifunzaji wa mashine unapoingia. Kompyuta hulishwa kumbukumbu za safari nyingi zilizopita: uzito, joto, upepo, kasi, mafuta yaliyotumika. Ikishaona yanavyohusiana, inakadiria namna bora ya kupanda kwa mzigo wa leo na hali ya hewa ya leo. Kampuni ya Safety Line ya Paris, iliyonunuliwa na SITA mwaka 2021, ilitengeneza programu ya OptiClimb, ambayo hujifunza tabia ya kila ndege peke yake. Kila kilo ya mafuta isiyochomwa ni zaidi ya kilo 3 za kabonidayoksaidi zisizoingia hewani.

Ila programu iliyofundishwa Ulaya haiijui Bunia. Kiwanja chetu kiko mita 1,235 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia ya kurukia ina mita 1,850 hivi. Joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa karibu mita 1,900. Injini inapungukiwa nguvu, pangaboi linashika hewa kidogo, ndege inapanda polepole, na makelele yanakaa juu ya nyumba muda mrefu zaidi. Lazima mashine ijifunze kwa safari za hapa.

Kumbukumbu za mafuta na uzito wanazo wenye ndege. Za makelele, sisi wakazi ndio wa kuziandika, na ningeanzia shuleni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, juu ya watoto wa Uingereza, Uholanzi na Uhispania wanaosoma karibu na viwanja vikubwa, ulihusisha kelele za ndege na kuchelewa kuelewa wanachosoma. Mwalimu afungue daftari na kuandika tarehe, saa, upande ilikoelekea ndege, kama ni jeti, ndege ya pangaboi au helikopta, na kama somo lilisimama. Programu ya simu ya kupima desibeli inafaa kulinganisha tu, mradi simu iwe ileile na ikae mahali palepale.

Usipige picha kiwanjani wala usifunge antena ya kunasa ishara za ndege bila ruhusa. Jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mtu mwenye antena karibu na kiwanja anaweza kudhaniwa mpelelezi. Daftari na kalamu vinatosha.

Baada ya miezi kadhaa, mkuu wa shule na chefu wa kartie walipeleke daftari RVA, mamlaka inayosimamia viwanja na kuongoza ndege nchini. Msiende na malalamiko matupu. Ulizeni jambo moja linaloweza kupimwa: ndege inayoruka kuelekea mashariki inaweza kukata kona wapi, kwa usalama, bila kupita juu ya shule hii saa za masomo?