Primogems Bila Kumaliza Mshahara: Hesabu ya Genshin Impact

Mwisho wa mwezi hapa Karagita, simu hulia mfululizo: mshahara wa kampuni ya maua umeingia. Kabla ya jioni, kodi ya ploti imetoka, pesa ya nyumbani imetumwa, bando limenunuliwa. Kile kidogo kinachobaki ndicho gemu hukivizia. Ukicheza Genshin Impact, unajua tunachosema. Leo tufanye hesabu pamoja.

Sarafu mbili, usizichanganye

Mora ni pesa ya kuimarisha wahusika na silaha. Primogems ndizo za kujaribu bahati ya kupata mhusika mpya. Kila Wish moja ni Primogems 160.

Mora usizinunue, zinapatikana kwa kucheza. Resin hurudi 1 kila dakika 8 hadi zifike 200, yaani hujaa baada ya zaidi ya saa 26. Ukiingia mara moja kwa siku baada ya shifti, hupotezi kitu. Mora zikipungua, tumia Resin kwenye Blossom of Wealth, 20 kila mara.

Primogems za bure

1. Kazi nne za kila siku. Hufunguka ukifika Adventure Rank 12. Kila moja hulipa 10, na ukienda kwa Katheryne anakuongezea 20. Jumla ni 60. Kwenye seva ya Ulaya, siku mpya huanza saa kumi na mbili asubuhi saa za Kenya, kwa hivyo maliza kabla ya hapo.

2. Misimbo ya zawadi. Toleo jipya huja takriban kila wiki 6. Siku chache kabla yake, watengenezaji hutoa misimbo, mara nyingi mitatu ya Primogems 100 kila mmoja. Huisha haraka, kwa hivyo iweke siku hiyo hiyo.

3. Stardust. Wish ikikupa silaha ya nyota 3, unarudishiwa Stardust 15. Kila tarehe 1, duka la Paimon huleta Intertwined Fate 5 kwa Stardust 75 kila moja. Nunua hizo kwanza.

Hesabu yenyewe

Mhusika wa nyota 5 hupatikana kwa hakika ukifika Wish ya 90. 90 × 160 ni Primogems 14,400. Kwa 60 za kila siku peke yake, hizo ni siku 240. Na hata ukifika, huenda ukapewa mwingine, si yule uliyemtaka.

Kwa pesa je? Kifurushi kikubwa ni karibu dola 100 na hutoa 8,080, bila bonasi ya mara ya kwanza. Dola ikiwa shilingi 129, umetoa karibu shilingi 12,900 na bado hujafika 14,400.

Welkin Moon ni karibu dola 5. Inakupa 300 papo hapo na 90 kila siku kwa siku 30, jumla 3,000. Kwa kila dola unapata karibu 600, ilhali kifurushi kikubwa kinakupa karibu 80. Lakini siku usipoingia, 90 za siku hiyo zimeenda.

Kabla ya kulipa

- Toa kwanza kodi, chakula na pesa ya nyumbani. Gemu ipate kinachobaki.
- Usichukue mkopo wa simu kununua Wish. Mkopo una ada ya hakika, Wish haina hakika.
- Nunua ndani ya gemu yenyewe au kwenye tovuti rasmi. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa kwenye WhatsApp halafu aombe nenosiri la akaunti au PIN yako, huyo ni mwizi. Hata sisi hatukuombi PIN.
- Kama mtoto huchezea simu yako, weka Google Play idai nenosiri kila mara ya kununua.

Zoezi la mwezi huu

Fanya kazi za kila siku kwa siku 30: 60 × 30 ni 1,800, yaani Wish 11. Ukiwa na Stardust za kutosha, ongeza hizo 5, unafika 16 bila kutoa hata shilingi. Jaribu hivyo mwezi mmoja, ndipo uamue kama utalipa. Wahusika wengi hurudi kwenye matoleo ya baadaye. Mwenye ploti naye hangoji toleo.